Ubavu wa Paka Mweupe

Paka wangu wote wamekuwa weupe. Wageni wanaofika hapa Madale huniuliza kwa nini najitafutia kazi, paka mweupe na vumbi hili jekundu la vilimani, nami huwajibu kwamba mazoea yana taabu, basi wananiacha. Kila jioni, nikishaosha vyombo na kujimiminia chai ya tangawizi, naketi kwenye kiti changu karibu na dirisha, paka anapanda mapajani, na kabla sijamkuna kidevu namgeuza ubavu nautazama chini ya taa. Natafuta weusi. Miaka zaidi ya thelathini sijauona, na bado natafuta. Mwezi uliopita tulimzika Mjomba Anselmi kule Mbagala, na siku ya kuanua matanga mkewe alinipa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kochi, akaniambia maneno ambayo yameniondolea usingizi. Ndiyo maana nataka kuueleza mwaka ule mmoja niliokaa kwao, kabla nami sijaanza kuchanganya nani alisema nini.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu. Mjomba alikuwa mchonga vinyago. Mkewe tulimwita Mama Vero, kwa jina la binti yao ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa Masasi, ila mimi nilimwita mama tu, kama wengine wote mtaani. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na nyuma, ng'ambo ya kiwanja kidogo, banda la mabati alilofanyia Mjomba kazi. Sebule ile naikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Makochi manne ya mbao yenye mito ya sponji, meza fupi katikati, redio kwenye kistuli chake, na juu ya kila kitu, hata juu ya redio, vitambaa vyeupe alivyofuma Mama kwa mkono wake, vyenye maua na pembe zilizochongoka. Vitambaa vile ndivyo vilikuwa utajiri wake. Mgeni akiegemea vibaya kitambaa kikateleza, Mama alikinyoosha palepale huku akiendelea kuzungumza.

Jioni zetu zilikuwa hivi. Tukila, tulikula mkekani: ugali na kisamvu cha nazi, au samaki wa kukaanga siku ambazo Mama alipita sokoni, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, akiletewa na watu wa Kusini tulikula ming'oko na chai tu, tukashiba. Kichwa cha samaki kilikuwa haki ya Unga. Unga alikuwa paka, jike, mweupe tangu masikio mpaka mkia, na hakuomba chakula kama paka wengine. Aliketi kando ya mkeka amewapa watu mgongo, akijifanya hana habari, mpaka Mama aseme, "Haya bibi, chukua," ndipo ageuke. Baada ya kula, Mjomba alitandaza kiroba mapajani, akachukua kinyago kidogo na kipande cha msasa, akaanza kusugua. Mama alifuma. Mimi nilikuwa na kazi ya kuchambua mchele wa kesho, lakini Unga akishapanda mapajani pangu sinia liliwekwa chini, na hakuna aliyenigombeza. Redio ilisema, msasa ulisema, na paka alikoroma. Sikujua wakati ule kwamba hiyo ni raha. Nilidhani raha ni kitu kinachofuata baadaye, majibu yakitoka.

Mjomba alikuwa mtu mkimya, isipokuwa ukitaja mpingo. Hapo alifunguka. "Mpingo haupakwi rangi, mpwa," aliniambia, akininyooshea kinyago nikiguse. "Unasuguliwa. Unausugua mpaka wenyewe ukubali kung'aa." Wachongaji waliochonga miti mingine wakaipaka rangi nyeusi ya viatu ili ifanane na mpingo, alikuwa amewabatiza jina: mafundi viatu. Akimwona mmoja wao barabarani alimwamkia vizuri, kisha akishapita alisema kwa sauti ya chini, "Fundi viatu huyo," na Mama alicheka kila mara, ingawa alikuwa ameshausikia mzaha huo tangu harusi yao. Alijivunia sana mumewe. Wanawake wenzake walipolalamika kwamba waume zao ni waongo, yeye alisema, "Wangu mimi ana vingi, lakini uongo hana. Hata kuusema hawezi, anatetemeka mdomo."

Alama ya kwanza niliiona wakati wa masika. Kitambaa cha kochi la dirishani, alilolipenda Unga, kilikuwa na doa jeusi, pana kama kiganja. Mama alikitazama, akasema masizi. Wakati huo mwenye kazi ya kusugua masufuria nilikuwa mimi, kwa hiyo lawama ilinijia. Nikasugua masufuria kwa majivu na mchanga mpaka unaweza kujitazama. Siku mbili baadaye, doa jingine, kitambaa kingine. Safari hii tulimshika Unga mwenyewe na ushahidi: ubavu wake wa kushoto ulikuwa na mstari mweusi, kama aliyeegemea ukuta mbichi. Mama alifua kwa sabuni ya mche, akapaka ndimu na chumvi, akaanika juani. Doa lilififia, halikutoka. Mjomba alikuwa ameketi palepale kizingitini, akinoa tindo. Alisema, "Masizi ya siku hizi magumu," akaendelea kunoa.

Mimi nina kasoro moja tangu utoto, siwezi kukiacha kitu ambacho hakijajieleza. Mama alikuwa akiniambia, "We Konso, ukimchunguza sana bata hutamla," nami nilimjibu kimoyomoyo kwamba ni afadhali kulala na njaa. Masizi nilikuwa nayajua kwa sababu niliyasugua kila siku. Masizi hutoka kwa sabuni, na hayanuki. Usiku huo nilimnusa Unga ubavuni, na harufu niliyoipata ilikuwa ya Jumatatu asubuhi, mstarini shuleni, miguu mia mbili imeng'arishwa. Rangi ya viatu. Nikaanza kuhesabu viatu vya nyumba ile. Mama alivaa kandambili, na za kutokea alikuwa na sendo za plastiki. Mimi viatu vyangu vya shule nilishamwachia mdogo wangu. Mjomba alikuwa na pea moja nyeusi ya kanisani, naye kanisani alikuwa mtu wa Pasaka na Krismasi. Sasa paka anaegemea viatu vya nani?

Wakati nikiwaza hayo, Mama alikuwa amefikia uamuzi wake. Doa la nne lilikuwa limeingia kwenye kitambaa cha redio, kile chenye tausi, kilichomchukua msimu mzima kukifuma. Hakupiga kelele. Alikikunja, akakiweka mapajani, akasema, "Doa jingine moja, huyu namhamisha." Kwa watu wa kwetu paka hauawi, kumwua ni kujitafutia balaa. Paka huhamishwa. Unamtia kwenye kiroba, unafunga mdomo, unamzungusha mara tatu apoteze dira, kisha unampeleka mbali na kumfungulia penye watu wa samaki, asife njaa wala asijue njia ya kurudi. Mama alilisema hilo bila ukali wowote, hata alishachagua soko. Nikamtazama Mjomba, maana yeye ndiye aliyemwokota Unga akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Alikuwa anasugua. Hakuinua uso.

Kesho yake mchana, Mjomba alipotoka kwenda kuulizia magogo, niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa uani nikamvizia paka. Alilala kivulini, akaamka, akajinyoosha, akaruka juu ya pipa la maji, kutoka pipani akaingia bandani kwa upenyo uliokuwa chini ya paa. Banda lilikuwa na kufuli, jambo ambalo sikuwahi kujiuliza, na mwaka ule nilijiuliza kila kitu. Nikaweka jicho kwenye tundu la msumari. Mwanga uliingia kidogo kidogo kupitia mabati yaliyotoboka. Niliona vinyago vimepangwa ukutani vikikauka, vyeusi, vinang'aa. Unga amejipenyeza katikati yao, amejilaza ubavu, joto la bati juu yake, raha mustarehe. Sakafuni kulikuwa na makopo madogo ya duara, na vitambaa vyeusi. Lakini kilichonimaliza ni maranda. Maranda ya mpingo ni meusi yenye wekundu wa zambarau, nilikuwa nayafagia kila Jumamosi kabla ya kufuli lile. Yale yalikuwa ya njano. Ulikuwa mjohoro, mti uleule uliopandwa kuzunguka shule zetu zote, tuliokatiwa fimbo.

Niliondoka pale nikaenda kuchambua mchele, nikauchambua mara mbili. Ni rahisi sasa kusema nilimwonea huruma. Magogo ya mpingo yalikuwa yameadimika mwaka ule, nilishamsikia akimnong'oneza Mama kwamba malori hayaji, na alikuwa na oda kubwa ya Bwana Seif, mfanyabiashara wa asili ya Kiarabu mwenye duka la vinyago Mbezi Beach, karibu na mahoteli, ambaye kwa miaka mingi alinunua kwa Mjomba bila hata kukwaruza kwa kucha. Hayo nayaelewa leo. Wakati ule nilichohisi ni hasira, na si kwa sababu ya rangi. Angeweza kupaka rangi mpaka miti yote ya Mbagala iishe. Kilichoniuma ni kwamba alimtazama mkewe akifua, akanitazama mimi nikisugua masufuria, na alikuwa tayari kumtazama Unga akitiwa kirobani, wakati neno moja lake lingetosha. Na mimi, mtoto wa dada yake, nitalisemaje neno hilo? Nikimwambia Mama nimevunja kitu ambacho amejivunia tangu harusi. Nikinyamaza paka anahamishwa.

Nikatafuta njia ya tatu, kama watafutavyo waoga wote. Kila jioni, kabla giza halijaingia, nilimngoja Unga chini ya pipa. Akitua tu, nilimkamata, nikampangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, kisha kwa kingine kikavu, mpaka ubavu ukarudi mweupe. Alichukia siku ya kwanza, ya pili akavumilia, ya tatu alianza kujilaza mwenyewe akisubiri kupanguswa, bibi mkubwa. Vitambaa vya Mama vikabaki safi. Jioni zetu zikarudi kama zamani, redio, msasa, sindano ya kufumia, na Mama akasema labda masizi yameisha. Siku moja nikiwa nimechutama pale na paka, niliona kandambili za Mjomba mbele yangu. Sikujua amesimama kwa muda gani. Alitazama kitambaa mkononi mwangu, kimekuwa cheusi, akatazama paka. Nilisema, "Shikamoo Mjomba," kwa kukosa la kusema, maana tulishaamkiana asubuhi. Alisema, "Marahaba," akaingia ndani. Kesho yake, kwenye msumari kando ya mlango wa uani, nilikuta fulana yake kuukuu imechanwa vipande vipande, safi, imetundikwa kwa ajili yangu. Tuliendelea hivyo wiki nyingi, mimi na yeye, washirika.

Bwana Seif alifika jioni moja, bila taarifa, baada ya swala ya magharibi. Mama alipomwona mlangoni, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alinituma mbio dukani nikalete sukari na maandazi. Niliporudi, Unga, aliyechelewa kutoka bandani siku hiyo, alikuwa ameshapita bila kupanguswa. Nilimwona tangu mlangoni: yuko mapajani kwa mgeni, amejikunja.

"Konso, mtoe huyo," Mama alisema. "Atamchafua Bwana Seif."

"Mwache, mama," Bwana Seif alisema. "Kwetu paka ni mtu wa ndani. Mie kwangu nnao wanne, wananilaza sakafuni."

Alikunywa chai yake, akala andazi, mkono wa pili ukimpapasa Unga mgongoni na ubavuni, mgongoni na ubavuni. Alizungumza habari za mvua na za wageni waliopungua mahotelini. Mjomba aliitikia, "Ndiyo," na "Kweli kabisa." Nilisimama na sinia sijui niliweke wapi. Ndipo Bwana Seif akamwinua paka ili aage, na pale pajani, kwenye kanzu, palikuwa na doa jeusi, pana kama kiganja.

Mama alishika mdomo. "Jamani. Masizi haya. Nisamehe baba, huyu paka kesho hayupo hapa, nilishasema."

Bwana Seif hakukasirika. Alitazama vidole vyake, akavisugua pamoja, akavipeleka puani. Nilimwona anaelewa. Mtu aliyeuza vinyago maisha yake yote, harufu ile aliijua kuliko mimi. Kisha alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo, akamfungulia Mjomba mlango wa kutokea. "Labda amepita kwenye viatu," alisema taratibu. Akanigeukia mimi kwa sababu nilikuwa nimesimama. "Au vipi, binti? Amelalia viatu huyu?"

Mama alinitazama. Sikumtazama Mjomba. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri: nilipaka rangi viatu vya Mjomba leo, nikavianika uani, paka akavilalia. Lingemwokoa kila mtu. Nilifungua mdomo.

"Mwache mtoto," Mjomba alisema. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka. "Sio viatu, Seif. Chukua taa, Konso. Tuleteeni na beseni la maji."

Tulikwenda bandani sote wanne, na Unga nyuma. Mjomba alifungua kufuli. Wachongaji wanalo jaribio lao ambalo halihitaji maneno: mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama kama jiwe, na miti mingine mingi huelea. Mjomba alichukua kinyago kimoja kimoja, akakiweka majini kwa mikono yake mwenyewe. Kilichozama, Bwana Seif alikifuta na kukitia kwenye mfuko. Vilivyoelea Mjomba alivirudisha ukutani. Vilivyozama vilikuwa vichache. Maji yaliendelea kuwa meusi, mpaka mwishoni hatukuona tena sakafu ya beseni, tulisikia tu kama kimegonga au hakikugonga. Bwana Seif alisema, "Hivi nachukua. Ukipata gogo uniambie," akampa mkono, akaondoka na doa lake.

Mama alisimama na taa baada ya mimi kuchoka kuishika. Mgeni alipokwisha kutoka, alisema, "Miezi yote hii nafua. Nawe umekaa kizingitini unanitazama nafua." Hilo tu. Hakutaja rangi wala mpingo wala ufundi viatu. Nililala nikisikia sauti zao kupitia ukutani, yake zaidi, ya Mjomba kidogo, na sikuweza kushika neno, mimi niliyeshika kila neno. Asubuhi kinyago kimoja kati ya vile vilivyoelea kilikuwa kimewekwa juu ya redio, juu ya kitambaa cha tausi chenye doa. Mama ndiye aliyekiweka, na kilikaa hapo. Unga hakuhamishwa. Mjomba aliendelea kuchonga mjohoro, hakuupaka kitu, akawa anauza barabarani kwa jina lake, mjohoro, kwa bei ya mjohoro, na mwaka ule tulikula kisamvu zaidi kuliko samaki. Kichwa cha samaki kilipopatikana bado kilikuwa cha bibi. Nilipopata majibu nikaondoka. Nilichobeba sikukielewa: kila nilipokumbuka usiku ule, nilijiuliza kwa nini alisema. Mlango alikuwa amefunguliwa, na mgeni mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kwa paka? Kwa paka alishanyamaza wiki nzima nzima. Nilidhani alichoka, nikaliacha swali likae.

Siku ya kuanua matanga Mama aliniita chumbani, wanawake wengine wakiosha masufuria nje. Amekuwa mdogo, kitanda kimekuwa kikubwa. Alitoa kitu kutoka chini ya mto, kimefungwa kwenye kitambaa chake, na alipokifungua niliona paka mweusi wa kuchongwa, ameketi, amempa mtazamaji mgongo, kichwa kimegeuka kidogo tu.

"Alikichonga mwaka jana, macho yakiwa bado yanaona kidogo," alisema. "Akanambia mpe Konso. Atakipima, namjua, mwache akipime."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nilimuulizaga siku hizo hizo," alisema. "Nikamwambia, Ansi, ule usiku wa Seif, ungenyamaza tu yangepita, ulisemea nini? Akanambia, niliona mtoto wa dada yangu anafungua mdomo aongope kwa ajili yangu. Tena naona ataongopa vizuri. Nikaona bora niseme mie."

Basi nilirudi Madale. Jioni nilikula, nikaosha vyombo, nikamimina chai. Kinyago nilikiweka kwenye kochi karibu nami, kimeketi wazi juu ya kitambaa chake, na nikajaza ndoo maji. Nakiri hivyo, nilijaza ndoo. Kisha nikakaa naitazama. Miaka yote nimekuwa mtu wa kuchungulia matundu ya misumari, nikijiona mimi ndiye niliyemgundua yeye, na kumbe usiku ule yeye ndiye aliyenitazama na kuona kitu nilichokuwa nakaribia kuwa. Sikuweza kukitia majini. Nililia, kilio ambacho hakikunitoka makaburini, na chai ikapoa. Nilipoinua uso, paka wangu alikuwa amepanda kochini, amejilaza ubavu, amekiegemea kile kinyago kama walivyo paka wote, raha mustarehe. Nilimwacha alale mpaka taarifa ya habari ikaisha. Halafu nikamnyanyua, nikamgeuza chini ya taa, nikapekua manyoya kwa vidole, taratibu, tangu begani mpaka pajani.

Mweupe.

Yale maji nikamwagia mboga zangu asubuhi.